Mwaka Visahani Vilipokataa Kuota

Chef Kaumba, yaani mkubwa wangu wa kazi, tumemzika Likasi Jumamosi iliyopita. Nilikuwa pale, nimekaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki kilichopinda mguu, nikisikiliza watu wakimsifu kwa tabia ambazo hazikuwa zake. Mmoja alisema marehemu alikuwa mpole. Mpole! Nilijifunika uso kwa kitenge ili watu wadhani nalia. Mimi nilifanya kazi chini yake mwaka mzima, katika maabara ndogo ya hospitali ambayo siku hizi ni bohari ya vitanda vibovu, na naweza kuapa mbele ya padri kwamba mtu yule alikuwa mkali kama pilipili, mwenye kiburi, mwenye mdomo, na kwamba nilimpenda sana. Hilo la mwisho sikulijua mpaka nilipoona udongo unaingia kaburini. Jioni nikampigia simu Kapinga, aliyekuwa mwenzangu wa kazi na wa chumba mwaka ule, na ambaye miaka mingi baadaye, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, alipanda treni na watoto wake na hakurudi tena. Anaishi Kananga. Nilipompa habari alisema, “Mwape, uandike ile mwaka. Weye uko na mudomo, miye niko na bajukuu.” Basi naandika.

Habari za wazazi wangu na walikotoka nitaziruka. Hazina kosa lolote, ila hazihusiki. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana aliyemaliza shule, mwenye haraka ya kila kitu, na kwamba hospitali ilikuwa imetukubali wawili, mimi na Kapinga, tujifunze kazi ya maabara kwa mwaka mmoja. Atakayemaliza mwaka bila doa angeajiriwa. Atakayekatizwa angerudi kwao mikono mitupu, na hakuna hospitali nyingine ambayo ingemchukua. Ilikuwa katikati ya miaka ile ambayo nchi iliitwa Zaire, wanaume wakivaa abakosti, suti ile isiyo na tai, na sisi sote tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na mkoa wetu wa Katanga ulikuwa umepewa jina jipya: Shaba. Tuliishi Shaba, tukichimba shaba, tukiyeyusha shaba. Kulikuwa na masufuria ya shaba, vikuku vya shaba, hata vitasa vya milango ya shaba. Jina hilo lilikuja kututia matatani, kama utakavyoona.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Vero, mjane aliyeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho ukikiacha kinachachuka na kupata ukali mtamu. Serikali ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, na kwenye karatasi zake alikuwa na jina jingine kabisa, lakini ndani ya ua wake alikuwa Veronika, na asiyemwita hivyo hakupewa bukari, ugali wetu. Tulilala kitanda kimoja, mimi upande wa ukuta, Kapinga upande wa nje, kwa sababu mimi nilirusha mateke usingizini na yeye alisema heri aangukie chini kuliko abanwe ukutani. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Upande wa pili wake wateja wa Mama Vero walikaa kwenye mabenchi na vikombe vyao, wafanyakazi wa kiwandani wengi wao, na sisi tukila bukari yetu na mboga ya lengalenga tulisikia kila kitu: nani amegombana na mkubwa wake, nani ameachwa na mke, unga umepanda tena, basi la asubuhi limeharibika tena. Nilijifunza mengi kuhusu wanaume kupitia ukuta ule, na machache kati ya hayo yamenifaa.

Maabara ilikuwa vyumba viwili mwishoni mwa korido, vyenye harufu ya gesi na ya kresili. Kapinga alishangazwa na hadubini. Mimi nilishangazwa na kabati la joto. Lilikuwa kabati la kawaida tu kwa kulitazama, lakini ndani yake kulikuwa na joto kama la mwili wa mtu, na humo ndimo tulimopanga visahani vya kioo vilivyojazwa chakula cha bakteria, kitu kama jeli ya rangi ya chai hafifu. Jioni unapitisha waya juu ya jeli, na waya huo una tone la kitu ambacho kwa macho yako ni maji matupu. Asubuhi unafungua mlango, na juu ya jeli pameota vidoadoa, vingine vyeupe, vingine vya manjano, vinang'aa kama mafuta. Kila kidoa ni ukoo mzima uliozaliwa wakati wewe umelala. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amekufa. Nilikuwa mtoto wa Katanga, nimekulia kati ya tanuri na moshi, nikidhani vitu vikubwa ndivyo vyenye nguvu. Sasa nilikuwa nimeshika nchi nzima kiganjani. Naandika haya nikiwa bibi na bado moyo unanienda mbio.

Kazi niliyopewa mimi ilitokana na uhaba. Dawa za kusafishia zilikuwa zimeadimika: javeli, kresili, permanganeti, zote zilifika kwa manati. Chef Kaumba alitaka kujua tunaweza kuziongezea maji kiasi gani na bado zikaua vidudu. Kwa hiyo nilipanga mirija ya kioo kwenye kibao, nikaweka bakteria wale wale katika maji ya kila mrija, kisha javeli: wa kwanza nyingi, wa pili nusu yake, wa tatu nusu ya nusu, hivyo hivyo mpaka ikawa kama kuisomea javeli dua kwa mbali. Nikasubiri kidogo, nikachukua tone kutoka kila mrija na kulipanda kwenye kisahani. Asubuhi visahani vilinisimulia hadithi yenyewe: hapa wamekufa wote, hapa wamebaki wachache, hapa wameota kama majani baada ya mvua. Na mwisho wa kibao kulikuwa na mrija mmoja usio na dawa kabisa, bakteria na maji tu. Huo uliitwa témoin, yaani shahidi. Shahidi lazima aote. Asipoota, hujui kama kilichoua ni dawa au ni kitu kingine.

“Bila témoin,” Chef aliniambia siku ya kwanza, miwani yake ikiwa imeshuka mpaka puani, “haufanye science. Unafanya bulozi.”

Bulozi ni uchawi. Alilipenda sana neno hilo. Mtu akisahau kuandika jina kwenye kisahani, ni bulozi. Mwanga wa gesi ukicheza, ni bulozi. Alikuwa mtu mfupi, abakosti yake imepigwa pasi mpaka inang'aa viwiko, na alitembea kati ya meza zetu kama jemadari. Kapinga alimwiga jioni nyumbani, mto tumboni na vifuniko viwili vya chupa machoni, mpaka Mama Vero akalia kwa kucheka.

Sasa, maji tuliyotumia hayakuwa ya bomba. Ilitakiwa maji yachemshwe, mvuke wake ukamatwe na kupozwa, ili tupate maji yasiyo na kitu ndani. Kazi hiyo ilifanywa na mtambo wa kioo uliotoka Ulaya zamani, na mwaka ule mtambo huo ulipasuka. Pesa za kigeni za kununua mwingine hazikuwepo. Ndipo mafundi wa karakana moja ya mjini wakajitolea kututengenezea wao wenyewe, na kwa kuwa walikuwa watu wa Likasi, walitumia kile ambacho mtu wa Likasi angetumia. Mtambo uliletwa mlangoni mwetu umefunikwa kitambaa cha kijani, na ulipofunuliwa nilishika mdomo. Ulikuwa shaba tupu: tumbo la shaba, shingo ya shaba, bomba la shaba lililozungushwa kama nyoka aliyelala. Uling'aa mpaka korido nzima ikawa ya dhahabu. Siku hiyo walikuja akina mama wa uhamasishaji wakacheza, akaja katibu wa Chama wa mtaa akahutubia kwamba Mzaire hahitaji tena kioo cha mzungu, bia ikanywewa, na Chef Kaumba akapigwa picha ameweka mkono juu ya mtambo kana kwamba ni mtoto wake wa kwanza. Mimi nilicheza pia. Nilicheza kwa moyo wote, kwa sababu ulikuwa mtambo mzuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeona.

Baada ya hapo visahani vikakataa kuota.

Haikuwa ghafla. Maji ya zamani yalikuwa bado yapo, tukayatumia mpaka yakaisha. Kisha mtaa mmoja wa upande wa chini ukaanza kutuletea watoto wenye homa. Tulisikia habari zao kwanza kupitia ukuta wa Mama Vero: mtoto wa fulani ana homa haishuki, mtoto wa fulani amekuwa kama kamba. “Si malaria ile,” sauti moja ilisema. “Banamupatia kwinini, homa inacheka tu.” Dokta Ilunga, daktari wa watoto, kijana mwembamba asiyelala, alishuku homa ya tumbo, na hiyo haijulikani kwa kumtazama mtoto usoni. Inabidi uoteshe kinyesi chake na kuona kama mdudu wake yumo. Basi Kapinga, ambaye kazi yake ilikuwa kutayarisha mirija, aligawa maji safi katika mirija midogo, wauguzi wakaweka humo sampuli asubuhi, mirija ikangoja Chef arudi kutoka chakula cha mchana, na Chef mwenyewe akaipanda kwenye visahani. Kesho yake visahani vilikuwa vitupu. Si mdudu wa homa ya tumbo tu ambaye hakuwemo. Hakukuwa na chochote. Kinyesi cha mtoto mgonjwa kisichootesha kitu! Hata mimi mgeni nilijua hilo haliwezekani.

Dokta Ilunga alikuja na kisahani mkononi. “Chef, hii ni nini? Hii matokeo ni ya mutoto ao ya malaika?”

Chef Kaumba hakupenda kuchekwa. Alitazama huku na huku akitafuta pa kuweka aibu ile, macho yake yakamwangukia Kapinga. Nani alitayarisha mirija? Kapinga. Nani aliiosha? Kapinga. Alimfokea mbele ya daktari, mbele ya wauguzi wawili na mbele ya mama aliyekuwa anapiga deki, kwamba hakuisuuza vizuri, kwamba ameacha sabuni ndani. Kapinga akaiosha upya, akaisuuza mpaka vidole vikakunjamana. Vitupu tena. Ndipo Chef akasema neno ambalo hakupaswa kulisema. Alisema wapo wanawake ambao wakishika unga mkate hauumuki, wakishika mahindi munkoyo hauchachuki, mkono wao unaua. “Weye uko na mukono ya bulozi,” alimwambia. “Mukono ya vile batu banakuwaka nayo kwao ku Kasai.” Akampa mpaka mwisho wa juma, na barua ya kumkatiza ikaenda ofisini.

Kapinga hakulia pale. Alilia njiani, akitembea mbele yangu kwa hasira, akijifuta kwa mkono ule ule aliotukanwa nao. Mimi nilikuwa nimejaa ghadhabu mpaka nilipiga teke jiwe na kuumia kidole. Nyumbani aliketi kitandani, akautazama mkono wake, akauliza kwa sauti ndogo, “Mwape, na kama ni kweli?” Nilikasirika zaidi. Kuonewa ni kitu kimoja. Kuanza kumwamini anayekuonea ni kitu kingine, na niliona jambo hilo linamwingia rafiki yangu kama baridi.

Wakati huo huo na mimi nilikuwa na tatizo langu ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Majaribio yangu ya javeli yalikuwa yamependeza mno. Kila kiasi cha javeli kiliua, hata kile kidogo kabisa. Nilifurahi, mpaka nilipofika kwenye mrija wa mwisho. Shahidi hakuota. Nikadhani nimechanganya, nimedondosha javeli kwa haraka zangu. Nikarudia kwa mirija niliyoiosha mwenyewe, mkono wangu mimi, si wa Kapinga. Shahidi akafa tena.

Mambo mawili hayo yalikaa kichwani mwangu kila moja upande wake, kama jamaa waliogombana kwenye arusi. Yaliyowapatanisha ni chakula cha jioni. Mama Vero alikuwa anaumwa mgongo siku zile, na munkoyo wa juma hilo aliupika Kapinga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tulikuwa tunakula naye chumbani mwetu, wateja wanaongea upande wa pili, na mwanamume mmoja akasema kwa sauti, “Ee Mama Vero, munkoyo ya leo nani alipika? Inachachuka muzuri mpaka inacheza mu pua!”

Mama Vero akamtazama Kapinga. “Unasikia? Ule chef wako ni mujinga. Mukono yenye kuua haitoe munkoyo ya vile.”

Nilibaki na tonge la bukari hewani. Mkono ni ule ule. Kule unachachusha, huku unaua. Mkono wangu nao huku unaua. “Mama Vero,” nikauliza, “munkoyo yako unatia mayi gani?”

“Mayi ya robinet. Ulitaka nitie mayi ya baraka ya Lourdes?”

Niliinuka ghafla nikamwaga lengalenga. Maji! Ya kwake ya bomba, yetu ya mtambo. Kapinga alinielewa kabla sijamaliza neno. Nikimkumbuka leo hii, namkumbuka na uso ule: machozi hayajakauka na macho tayari yanawaka.

Asubuhi tulifika kabla ya kila mtu. Tulichukua bakteria wa aina moja, kiasi kimoja, tukawagawa katika maji ya aina tatu: maji ya bomba yaliyochemshwa na kupozwa, maji ya mtambo mpya, na maji ya ule mtambo wa kioo, kwani Kapinga alikuwa ameikuta chupa moja imesahauliwa nyuma ya kabati. Tukaacha yakae kama sampuli za watoto zilivyokaa, tukapanda visahani. Siku nzima Chef alitukaripia na sisi tukaitikia “Ndiyo, Chef” kama watakatifu. Kesho yake nilipofungua kabati la joto Kapinga alinisogeza pembeni, akatoa visahani mwenyewe. Maji ya bomba: wameota mpaka hakuna pa kuweka ncha ya sindano. Maji ya kioo: vile vile. Maji ya mtambo wa shaba: patupu, pasafi, pananing'aria kama kioo cha kujitazamia.

“Haiko mukono,” Kapinga alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti kubwa, “Haiko mukono yangu!” Tukakamatana, tukazunguka kati ya meza, mrija mmoja ukaanguka ukavunjika na hatukujali.

Lakini bado hatukujua ni nini ndani ya maji. Kapinga aliinama akatazama kwenye kiwiko cha lile bomba lililojizungusha, mahali maji yalipotoka, akaona ukijani, ule ambao kila mtoto wa Likasi anaujua kutoka kwenye waya uliosahauliwa mvuani. Tukatazamana. Nikakata kipande cha waya wa shaba, nikakisafisha, nikakitumbukiza kwenye yale maji mazuri ya kioo, na baadaye nikaweka bakteria. Wakafa wote. Waya tu! Sikuweza kuacha tena. Kabatini kulikuwa na fuwele za salfeti ya shaba, zile za buluu nzuri kama anga ya Agosti, nikaziyeyusha na kuzipunguza kama nilivyofanya kwa javeli, nusu, na nusu ya nusu. Buluu ikapauka, ikafifia, ikapotea kabisa, mrija ukaonekana maji matupu, na bado bakteria walikufa. Nikaendelea kupunguza na bado wanakufa. Nilihisi kizunguzungu cha furaha. Madini yaliyotulisha sote, yaliyojenga shule yetu na kutoa moshi juu ya paa zetu, yalikuwa na siri ambayo hakuna aliyetuambia. Baadaye nilisoma kwamba ndani ya chakula kizito cha bakteria shaba hupungukiwa makali, ndiyo maana jeli yenyewe, ingawa ilipikwa kwa maji yale yale, haikuwadhuru. Katika maji matupu hawana pa kujificha. Siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba ilibidi nimwambie Chef sasa hivi, kwa sababu siku ya Kapinga ya mwisho ilikuwa imefika.

Hapo ndipo haraka yangu iliponiponza. Niliingia ofisini kwake bila kubisha, visahani mikononi, nikapaza sauti: “Chef! Nimejua! Shaba njo inaua bote!”

Chef hakuwa peke yake. Katibu wa Chama alikuwa ameketi pale na kidumu chake. Alizoea kuja kuchota maji ya mtambo kwa ajili ya betri ya gari lake. Aligeuka polepole. “Citoyenne,” alisema, “Shaba inaua nani?”

Shaba, mkoa. Na siku zile kulikuwa kumepita vita mpakani, watu wa Shaba tulikuwa tunapimwa kila neno. Niliiona Buluo na gereza lake mbele ya macho yangu. Nyuma yangu Kapinga alishika gauni langu kwa nguvu. Kueleza kwamba nilimaanisha mtambo kulikuwa kubaya vile vile, kwani mtambo huo aliuzindua yeye kwa hotuba.

Ni Chef Kaumba aliyeinuka. Alicheka, kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwake. “Citoyen secrétaire, bana bangu banafanya utafiti! Banaonyesha kama shaba yetu, hii ya mu udongo yetu, iko na nguvu ya kuua bamikrobe bote. Javeli ya bazungu inapita nyuma.”

“Kumbe!” Katibu akatabasamu, akakipakata kidumu chake. “Nitaisema ku réunion ya Chama.” Akaondoka ameridhika.

Mlango ulipofungwa kicheko kilikatika. “Weye unataka kunifungisha?” Chef alininong'oneza, jasho likimtoka. Lakini hasira yangu ya juma zima ilikuwa bado ipo, nikaweka visahani mezani pake kimoja kimoja. Maji ya bomba. Maji ya kioo. Maji ya mtambo. Waya. Salfeti. Alivitazama, akanyanyua miwani, akavitazama tena.

“Témoin iko wapi?” akauliza.

“Témoin njo alikufa, Chef, mu mayi ya mashini. Na Chef alisema bila témoin ni bulozi.”

Alivua saa, akakunja mikono ya abakosti, akaenda mezani na kurudia jaribio lote kwa mkono wake mwenyewe, akatufukuza tusiguse kitu. Tena alimwambia Kapinga, bila kumtazama, atayarishe mirija ya watoto kwa maji ya bomba yaliyochemshwa. Kapinga aliitayarisha. Aliimimina taratibu, mgongo umenyooka, na kesho yake alikuja kazini kana kwamba hakuna barua duniani.

Visahani vya watoto vilikuwa vimeota. Vimeota vyote! Chef akachagua, akapima, akapanda upya, na matokeo yalipokuja alitoka koridoni akikimbia na abakosti yake, akiita, “Iko! Iko! Homa ya tumbo iko!” Wauguzi wakaja, mama wa deki akaja, mimi na Kapinga tukaruka tukapiga vigelegele. Dokta Ilunga alifika akakuta watu wazima wanashangilia ugonjwa. Alitazama kisahani, akatutazama, akasema, “Muko bazimu,” kisha akakimbilia wodini kubadilisha dawa. Katika siku zilizofuata homa zilianza kushuka, na fundi wa maji akaenda kutafuta bomba bovu kule mtaani.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile Dokta aliporudi tulikuwa bado koridoni, wale wale waliokuwepo Chef alipomtukana Kapinga, na Chef akamwambia kwa sauti ya kutupa, akiangalia pembeni, “Bon. Ile barua nitaitoa ku bureau. Rudia ku kazi.”

Kapinga hakusogea. Nilijua uso ule, nikaogopa. Alikuwa ametoka kuokoka sasa hivi, na angeweza kuyapoteza yote tena kwa neno moja.

“Hapana, Chef,” alisema. “Muliniita mulozi mbele ya bantu bote. Munilombe pardon mbele ya bantu bote.”

Hakuna mkubwa aliyeomba msamaha miaka ile. Wakubwa walipigiwa makofi. Mama wa deki aliacha fagio lake. Shingo ya Chef Kaumba ilivimba juu ya kola. Nilisali kimoyomoyo, mara Kapinga anyamaze, mara Chef aseme. Alivua miwani, na bila miwani alikuwa mtu mwingine, mtu aliyechoka. Nadhani alitafuta neno ambalo lingetosha, akaona maneno ya kwake hayatoshi, akaamua kulisema kwa lugha ya Kapinga. Lakini Kitshiluba hakukijua, isipokuwa kile alichokisikia kanisani, Wakasai wa parokia wakiimba mwanzoni mwa misa. Basi Chef Kaumba, mbele ya daktari, wauguzi na mama wa deki, aliinamisha kichwa na kumwambia msichana wa mafunzo maneno ambayo anaambiwa Mungu peke yake:

“Utufuile luse.”

Utuhurumie. Dokta Ilunga aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mimi nilijiuma mkono. Kapinga alimtazama muda mrefu yule mzee mdogo aliyeinama, midomo yake ikapigana na kicheko ikashinda, na akauinua mkono wake wa kuume, mkono ule ule, juu ya kichwa cha Chef kama padri mwishoni mwa misa.

“Muende na amani, Chef,” alisema. “Na ile mashini, muitoe humu ndani.”